Skrubu ya Ndiva ya Maveko

Ilikuwa mwaka 2074, katikati ya kipupwe, majira ambayo ukungu wa milima ya Upare hushuka hadi kwenye paa za nyumba na kukaa huko mpaka saa nne. Asubuhi ya siku ya tatu tangu skrubu ya ndiva, bwawa la kijiji, iazimwe, Nakijwa Mbwambo alisimama karakanani kwake, maikromita mkononi, akasoma namba ambayo hakutaka kuiamini. Akaifuta maikromita kwa pindo la kanga, akapima tena. Namba ikawa ileile.

Shafti iliyotakiwa kuwa na kipenyo cha milimita nane kamili ilikuwa imepungua kwa sehemu thelathini na nane kati ya elfu moja za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko upungufu huo. Lakini ndani ya pampu ya moyo, ambamo shafti huzunguka mara elfu nne kwa dakika, upungufu huo ulitosha kuua.

"Imekataa?" Sauti ya mumewe ilitoka nje, nyuma ya ukuta, alikokuwa ameketi akingoja jua.

"Imekataa, Baba Nanzia."

"Basi ibembeleze. Mimi ulinibembeleza miaka miwili nikakubali."

"Wewe ndiwe uliyenibembeleza."

"Kumbe unakumbuka!" Mzee Zakayo akacheka, kisha kicheko kikakatwa na mluzi mwembamba uliotoka kiunoni mwake.

Mluzi huo ulianza Jumapili. Pampu ilivaliwa katika mkanda wa ngozi, mirija yake miwili ikiingia chini ya mbavu, nayo ilikuwa imemweka hai mwalimu huyo mstaafu wa hesabu kwa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi ilizungumza kwa sauti ya upole ya binti asiyekuwapo: "Ndugu mteja, huduma ya toleo hili imekoma. Tafadhali omba toleo jipya." Walikuwa wameomba. Walipewa namba katika foleni, na foleni hiyo ingewafikia baada ya miezi minane. Nakijwa alipoifungua pampu na kuitazama shafti yake kwa kioo cha kukuzia, aliona mikwaruzo mirefu kama mitaro ya shamba. Akakadiria siku nne. Zikizidi sana, tano. Jumapili ilikuwa imepita, na leo ilikuwa Alhamisi.

Viwanda havikuwauzia watu vyuma vya akiba tena. Kila chuma kilikuja na kifaa chake, na huduma ya kifaa ilipokoma, chuma chake kilikoma nayo. Hivyo Nakijwa, aliyekereza vyuma kwa miaka thelathini kabla karakana za wilaya hazijafungwa, alikuwa ameanza, miezi mitano kabla ya mluzi, kujitengenezea kerezo lake mwenyewe, mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga. Kitanda chake alikimwaga kwa zege, akapachika juu yake vipande viwili vya reli ya zamani, akavisugua kwa mkono wiki sita hadi vikawa sawa. Mhimili wa kuzungushia aliutoa katika ekseli ya gari lililokufa. Kompyuta ilikuwa ya shule, iliyotupwa. Nayo ndiyo iliyotuma midundo ya umeme kwa mota ndogo mbili, mdundo mmoja hatua moja, hatua moja unyoya wa chuma. Alichokosa kilikuwa kimoja tu: skrubu ndefu, nyofu, isiyolegea, ya kukisukuma kisu bila kuyumba.

Skrubu ya namna hiyo ilikuwa moja tu kijijini Maveko. Ilikuwa kwenye lango la ndiva, bwawa la jumuiya lililokusanya maji ya chemchemi usiku kucha na kuyaachia kwa zamu mchana. Mzee Athumani Mgonja, msimamizi wa ndiva, alimwazima kwa siku tatu bila kuuliza kamati ya maji, kwa jina lake mwenyewe. Lango, bila skrubu, lilibaki limefungwa. "Siku tatu mashamba yatavumilia," alisema. "Ya nne, hapana."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mzee Mgonja hakulijua. Skrubu ilikuwa ndefu kuliko kitanda cha zege kwa sentimita nne, na zege lilikuwa limekwisha kukauka. Nakijwa, aliyezoea vyuma vyake mwenyewe, aliuchukua msumeno akaikata. Kipande kilichokatwa, chenye mfereji wa kushikana na mota ya lango, kilikuwa rafuni, kimefunikwa kwa kitambaa.

*

Mzee Mgonja alibisha hodi saa mbili, fimbo kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Nanzia. Mzee mwenzangu anapumuaje?"

"Kwa mluzi," Zakayo akajibu kutoka nje. "Ukitaka nikupigie wimbo, chagua."

Mgonja hakucheka. Alilitazama kerezo, akaitazama shafti iliyoharibika mezani, akaelewa. "Hiyo ndiyo?"

"Hiyo ilikuwa ndiyo. Titani ya kutengenezea nyingine imebaki kipande kimoja."

"Nimepita kwa Nambike. Maharage yake yameinama. Kaya kumi na moja zilizo chini ya mfereji zinaniuliza lango lina nini, nami nasema mota inakarabatiwa. Mama Nanzia, nina miaka sabini na minne. Sikuzoea kusema uongo, na watu wameanza kuuona usoni pangu." Akaishusha fimbo. "Leo saa tisa alasiri nitakuja kuichukua."

"Na kama sijamaliza?"

"Sina nguvu za kukunyang'anya. Nitakaa pale mlangoni nikutazame, mpaka wewe mwenyewe uone haya."

Alipoondoka, Nakijwa alitamani amwite amwambie habari ya msumeno. Akarudi kwenye mashine.

*

Kosa la mashine lilikuwa na tabia ya mwizi: halikuja alipokuwa akilingoja. Alikuwa amekaza kila nati. Alikuwa amebadili mkanda, amebadili beringi, amekinoa kisu mara tano. Alikuwa amewasha mashine bila kukata chochote, akitazama saa ya kupimia yenye mshale, na mshale haukutetereka. Lakini mota kubwa ya mhimili ilipozunguka na kisu kikaingia kazini, kisu kilisogea zaidi ya kilivyoamriwa, kana kwamba palikuwa na mtu mwingine anayenong'ona amri za ziada.

Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kila jaribio, kwa kalamu ya wino, kama alivyofunzwa. Siku ya kwanza, kosa sehemu nne. Siku ya pili, kumi na tano. Leo, thelathini na nane. Lilikuwa likikua kwa siku. Na chuma hakichakai hivyo.

Akafunga kipande cha alumini cha majaribio. Akakereza, akapima: arobaini na moja. Kila jaribio lilikunywa umeme wa betri, na ukungu haukuwa umeziachia paneli za jua chochote cha maana tangu juzi. Nje, mluzi ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Mungu wangu," akasema, si kwa hasira. Akafunga kipande kingine, akakereza bila kubadili hata nukta, akapima.

Tatu.

Akapima tena. Sehemu tatu tu. Akakimbilia mlangoni.

"Baba Nanzia! Umefanya nini sasa hivi?"

Zakayo aliinua mikono kama mwanafunzi aliyeshtakiwa. "Sijafanya kitu."

"Umefanya. Niambie kila ulichokifanya tangu nilipokuita mara ya mwisho."

"Nimenawa miguu. Nikamwaga maji. Je, kunawa miguu nako kumekatazwa nyumba hii?"

"Umeyamwaga wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Pembezoni mwa mfereji mkuu, uliopita nyuma ya karakana, palisimama nondo ya shaba iliyofungwa waya mweusi. Ni waya wa kuutuliza umeme ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Nakijwa aliipigilia hapo kwa sababu udongo wa ukingo ule haukuwahi kukauka tangu babu zake. Sasa udongo ulikuwa umepasuka kama kisigino, isipokuwa duara moja jeusi lililolowa maji ya miguu ya mumewe.

Akapiga magoti palepale. Yote yakajipanga kichwani mwake. Mota kubwa ilitupa mawimbi machafu ya umeme, na mawimbi hayo yalipaswa kunyonywa na ardhi. Ardhi kavu hainyonyi. Yakarudi katika nyaya za kompyuta yakajifanya midundo halali, nayo mota ndogo, isiyojua kubagua amri, ikapiga hatua kwa kila uongo iliyoambiwa. Na ardhi ilikauka kwa sababu mfereji ulikauka. Mfereji ulikauka kwa sababu lango lilifungwa. Lango lilifungwa kwa sababu skrubu yake ilikuwa ndani ya karakana hii. Kitu alichokichukua ili mashine ifanye kazi ndicho kilichoizuia isifanye kazi.

"Unalia au unacheka?" Zakayo akauliza.

"Sijui bado. Leta maji yote yaliyobaki. Tia na chumvi."

*

Kufikia saa nne na nusu nondo ilikuwa imelowa, na kosa lilikuwa limeshuka hadi sehemu mbili. Hapo ndipo Nakijwa alipotazama kipimo cha betri akakaa chini, taratibu, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Umeme uliobaki ulitosha kuizungusha mota kubwa kwa kazi moja tu. Naye alikuwa na kazi mbili.

Ya kwanza ilikuwa shafti ya titani. Ya pili ilikuwa bushi, kikombe cha shaba cha kuunganisha skrubu iliyokatwa na mota ya lango. Bila bushi hiyo skrubu ingerudi ikiwa chuma kisichofaa, na lango lisingeinuka leo wala wiki ijayo. Shaba ilikuwa kipande kimoja, kama titani. Na zote mbili zilihitaji kukerezwa kabla skrubu haijatoka kitandani, kwa kuwa ikitoka, hakuna kerezo tena.

Akamweleza mumewe kila kitu. Akamweleza na habari ya msumeno, akitazama sakafu.

Zakayo aligeuza kichwa kumtazama. "Mgonja anajua?"

"Hajui."

"Ulikusudia kumwambia lini?"

"Baada yako. Baada ya wewe kupona nisingejali wangenifanya nini."

"Kuna njia ya kuzungusha bila umeme?"

"Ipo. Lile gurudumu la kinu cha zamani, na mkanda. Watu wakilizungusha kwa mikono, kompyuta itafuata mwendo wao. Wakienda polepole na kisu kitaenda polepole. Lakini titani haitaki kusitasita. Wakisita, kisu kitauma. Kikiuma, kipande kimekwisha." Akameza mate. "Ndiyo maana shafti nitaikereza kwa umeme. Bushi itajaribiwa kwa mikono. Na ikishindikana…"

"Ikishindikana, kaya kumi na moja zitakula nini mwezi wa tisa?"

"Watu husaidiana. Watasamehe."

"Mama Nanzia, nisikilize, maana mluzi huu unanikata maneno. Mimi nimewafundisha hesabu wote hao. Nambike nilimchapa kwa kutojua kugawanya. Leo unataka nitembee njiani, moyo wangu ukizunguka vizuri, nikiwapita watu ambao maji yao niliyakausha? Kila nitakayemwamkia nitajua nina deni lake." Akaushika mkanda wake kwa mikono miwili. "Kilicho cha uhakika wape wenye mali yao. Cha kubahatisha niachie mimi."

"Unaniambia nikuue kwa adabu."

"Nakwambia uanze na ya watu. Kisha uje unikereze mimi kwa ufundi wako wote."

Nakijwa alisimama. Alimchukia kwa kiasi cha pumzi tatu, kwa sababu alikuwa sahihi na kwa sababu ndiye angekufa. Kisha akakichukua kipande cha shaba, akakifunga katika taya za kerezo, akawasha umeme wa mwisho.

*

Saa sita bushi ilikuwa tayari, ikiteleza juu ya ncha ya skrubu bila kulegea. Betri zilikuwa tupu, zimebakiza umeme wa kulishia kompyuta na mota zake ndogo tu. Nakijwa aliifunga bushi katika kitambaa pamoja na kile kipande kilichokatwa, akapanda hadi nyumbani kwa Mzee Mgonja karibu na ndiva, akavifunua vyote viwili mbele yake na kusema alichokuwa amekisema moyoni njia nzima.

Mzee Mgonja alikigeuzageuza kile kipande. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Si skrubu uliyoikata," akasema. "Ni jina langu."

"Najua, Mzee."

"Hujui. Ungejua usingeushika msumeno." Akamrudishia kipande, akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na baragumu la msaragambo. Hilo likilia, kila kaya hutoa mtu wa kazi bila kuuliza kazi gani. Lakini aliyeomba lilie lazima asimame mbele ya wote na kusema sababu kwa kinywa chake. "Mimi nitapiga. Wewe utasema. Na utasema yote."

Wakaja. Kufikia saa saba walikuwa watu kumi na tisa uani, wengine na majembe, kwa kudhani mfereji umebomoka. Nakijwa alisimama juu ya kizingiti cha karakana akasema yote: skrubu, msumeno, uongo ambao Mzee Mgonja alilazimika kuusema kwa ajili yake, bushi iliyokwisha kutengenezwa. "Skrubu ni yenu. Mkisema niitoe sasa, naitoa sasa, na ndani ya saa moja mtakuwa na maji. Mkinipa saa moja zaidi, mkanizungushia gurudumu, pengine mume wangu ataishi. Sina haki ya kuomba. Naomba."

Mluzi ulisikika uani kote. Zakayo alikuwa amelazwa kwenye mkeka, midomo imeanza kuwa ya kijivu, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Nambike, mama mnene mwenye shamba la mwisho chini ya mfereji, alilitupa jembe lake chini.

"Wewe mwanamke ni mwizi," akasema.

"Ni kweli."

"Maharage yangu yamekufa tangu jana. Hayawezi kufa tena leo." Akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Sogea huko nishike gurudumu. Mwalimu alinichapa nikiwa na miaka tisa. Siwezi kumwacha aende kabla sijamwonyesha kwamba nilijua kugawanya."

Wengine wakamfuata, wawili wawili. Mmoja alinung'unika kwamba hakuja kuokoa mtu mwenye ulimi mkali kama Zakayo, lakini alinung'unika huku akishika mpini.

Mzee Mgonja alisimama kando akigonga kipande cha reli kwa nyundo, pigo kwa pigo, na watu wakazungusha kwa mapigo hayo. Aliyechoka aliachia kwa pigo la nne, na aliyepokea alishika kwa pigo hilohilo, kama wafanyavyo wakati wa kupitishana mawe ya kuziba bwawa. Mhimili ukazunguka. Kisu kikaigusa titani, na utepe mwembamba wa chuma ukaanza kujikunja na kuanguka. Nakijwa aliinamia mashine akimimina maji ya sabuni, sikio lake likiwa karibu kuigusa, akisikiliza. Mara moja jasho lilimtelezesha mtu mkono na gurudumu likasita. Kisu kikalia. Lakini Nambike, kifua chote kikiwa juu ya mpini, akalisukuma gurudumu peke yake mpaka pigo lililofuata.

Walizungusha kwa dakika arobaini na saba. Kisha kompyuta ikasema kazi imekwisha, na watu wakabaki wameshika mpini kwa kutokujua kwamba wanaweza kuuachia.

Nakijwa akafuta maikromita. Akapima. Akapima upande mwingine, kisha katikati.

"Ngapi?" Mgonja akauliza.

"Saba nukta tisa tisa saba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Inakubalika mpaka tisa tisa tano."

Kuibadili shafti kulihitaji kuizima pampu. Nambike alikamua kwa mkono mpira wa dharura wa kusukumia damu, naye Nakijwa akafungua kifuniko, akatoa shafti iliyokwaruzika, akatia mpya, skrubu nne ndogo, moja ikaanguka vumbini, mtu akaiokota na kuilamba iwe safi kabla ya kumpa. Sekunde mia moja na kumi. Pampu ikaamka. Haikupiga mluzi. Ilivuma chini kwa chini, kama nyuki walio mbali, na sauti ya yule binti ikasema: "Ndugu mteja, huduma ya toleo hili imekoma."

"Mwambieni anyamaze," Zakayo akasema, macho yamefumba.

*

Saa tisa ilikuwa haijafika. Nakijwa hakungoja ifike. Mbele ya wote alifungua nati za kerezo, moja baada ya nyingine, akaichomoa skrubu, na kile alichokijenga kwa miezi mitano kikabaki zege na reli tu. Alijua alichokuwa akikifungua. Shafti hii ya kukerezwa kwa mikono ingedumu miezi sita, labda saba. Foleni ilikuwa ya minane. Titani ilikuwa imekwisha. Hakumwambia mtu hesabu hiyo, na Zakayo, aliyekuwa amekwisha kuipiga, naye hakusema.

Aliibeba skrubu begani mwenyewe mpaka ndiva. Akakataa kupokelewa. Akaipachika, akaifunga bushi ya shaba, akajaribu kwa mkono kama inalegea, kisha akarudi nyuma. Mzee Mgonja akabonyeza kitufe. Lango likaguna, likainuka kidole kimoja, viwili, shubiri, na maji ya siku tatu yakapita chini yake kwa kishindo. Watu wakaanza kukimbia kuyafuata, kila mmoja kuelekea shambani kwake, Nambike akiwa wa mwisho, akitembea.

Nakijwa alibaki. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kile kipande cha sentimita nne, akakiweka katika kiganja cha mzee.

"Hiki hakifai kitu tena," Mgonja akasema.

"Kiliazimwa pamoja na skrubu. Nakirudisha."

Mzee Mgonja akakipima uzito kiganjani, akakitia katika mfuko wa shati lake, akaufunga kwa kifungo.